NANI ATALIPA KARO YA MGANGA WA KISIWANI?

Hotuba iliyosomwa na Mwandishi wa Tawi mbele ya wanachama huko Mbwajumali, Kisiwa cha Pate. Imepigwa chapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuvuka.



Katika mkutano uliopita mlinipa kazi. Mliniambia nitafute jawabu la swali moja, nalo ni hili: kwa nini dispensari hujengwa, milango ikatiwa rangi, waheshimiwa wakaja kukata utepe, kisha milango hiyo hiyo ikafungwa kwa kufuli saa nane ya mchana kwa sababu mtumishi ni mmoja tu naye amekwenda Lamu kuchukua dawa? Nimeuliza, nimesoma, na leo nimekuja kuwaambia nilichokipata. Nawaomba mnivumilie, maana habari yenyewe ni ya fedha, na habari ya fedha haina utamu kama habari ya samaki.

Kwanza tuelewane ni watu gani tunaowataka. Hatuombi hapa bingwa wa kupasua moyo. Tunataka tabibu, yaani yule ambaye Serikali humwita afisa wa kliniki, awezaye kupima, kutambua ugonjwa, kuandika dawa na kushona jeraha. Tunataka muuguzi ajuaye kuzalisha. Tunataka mtu wa maabara wa kutazama damu ya mtoto mwenye homa. Na tunataka wale wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Hao ndio waganga wa mlango wa kwanza, na sehemu kubwa ya maradhi yetu huishia mikononi mwao, wakiwapo. Wasipokuwapo, mwenye uchungu wa uzazi hupelekwa Rasini, na ikiwa mambo ni mazito basi ni safari ya bahari mpaka hospitali ya King Fahd, Lamu. Kila mmoja hapa ajua maana ya safari hiyo usiku, wakati maji yametoka na Mkanda haupitiki vizuri, au wakati wa kusi.

Sasa, mtu kama huyo haoti mwenyewe kama mkoko. Tabibu husoma miaka 3 ya diploma, kisha hufanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini kabla ya kupewa ruhusa ya kutibu peke yake. Muuguzi naye wa diploma husoma miaka 3 na zaidi. Katika miaka hiyo yote kuna mtu analipa: karo, chakula, kitanda, vitabu, nguo za kazi, nauli. Swali la nani analipa ndilo linaloamua ni mtoto wa nani atakayekuwa mganga, na mtoto wa nani ndilo linaloamua, mara nyingi, ni mji gani utakaopata mganga. Hapo ndipo shina la jambo letu.

Mtazameni mvuvi. Wakati wa kaskazi bahari ni shwari, kamba na samaki hupatikana, nyumbani kuna fedha. Kusi ikiingia, vyombo hukaa ufukoni majuma na majuma. Karatasi ya karo haijui kaskazi wala kusi. Hufika kwa tarehe yake. Mtoto wake akipata alama nzuri na barua ya kuitwa chuoni, furaha ni ya siku moja. Siku ya pili baba anaanza kuhesabu nini cha kuuza, na kama ni mashine ya chombo ndiyo itakayouzwa, basi amemsomesha mtoto kwa kuuza kazi yake mwenyewe.

Haikuwa hivi sikuzote. Tangu mwaka 1924 zamani za ukoloni ziliwekwa Halmashauri za Wenyeji, na katika wilaya nyingi halmashauri hizo zilijenga dispensari na kulipa madresa kutoka katika kodi za Waafrika wenyewe. Mafunzo ya watumishi hawa wa afya yalianza Nairobi mwaka 1927, na chuo cha KMTC cha leo huhesabu umri wake tangu mwaka huo. Baada ya uhuru Serikali iliondoa ada ya kutibiwa kwa wagonjwa wasiolazwa, mwaka 1965. Na mwanafunzi wa uganga wa miaka ile alikuwa kama mtumishi anayefundishwa kazi: mafunzo yalilipiwa na Serikali, na akimaliza ajira ilikuwa ikimngoja. Mtoto wa maskini aliweza kuingia kwa kichwa chake tu.

Hata hivyo, tusizisifu siku hizo kupita kiasi. Wakati wa Harambee watu walijenga dispensari kwa mikono yao, mawe na chokaa, wakadhani Serikali italeta watu. Mahali pengi watu hawakuletwa, au walikawia sana, kwa kuwa kujenga ukuta ni kazi ya miezi na kufundisha mganga ni kazi ya miaka. Kosa hilo bado tunalifanya leo. Mwanasiasa hupenda jengo kwa sababu jengo hupigwa picha.

Mwisho wa miaka ya 1980 mambo yakageuka. Serikali ilikuwa na madeni, na wakopeshaji wakaiambia ipunguze matumizi. Mwezi wa Desemba 1989 ada za hospitali zikarudi kwa jina la kuchangia gharama. Mwaka 1990 sheria ikakifanya chuo cha KMTC kuwa shirika lenye kujitafutia sehemu ya fedha zake, na mzigo wa karo ukaanza kuhamia mabegani mwa wazazi. Katika miaka ya 1990 ajira nazo zikabanwa. Tukafika mahali pa ajabu kabisa: wauguzi waliofundishwa wakikaa nyumbani bila kazi, na dispensari zikikaa bila wauguzi, katika nchi ile ile, mwaka ule ule.

Mwaka 2013 zikaja serikali za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya zahanati na vituo vya afya, magari ya wagonjwa, na afya ya msingi. Lakini vyuo vikuu na vyuo vya juu vimebaki kwa Serikali ya Taifa. Kwa hiyo anayefundisha mganga si yule anayemwajiri. Nairobi hufundisha bila kujua Lamu itaajiri wangapi. Lamu huajiri bila kuwa na sauti juu ya nani afundishwe. Chombo hiki mmoja ameshika usukani na mwingine ameshika tanga, nao hawasemezani.

Mtaniuliza, je, kaunti haiwezi kutoa fedha za karo? Kaunti nyingi zilikuwa zikitoa. Lakini mwezi wa Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka kuzionya kaunti zisitumie fedha kwa kazi ambazo Katiba imezipa Serikali ya Taifa, na misaada ya karo ya vyuo ikiwamo, mpaka kuwe na mapatano ya maandishi baina ya serikali mbili. Magavana walilalamika sana. Mimi sisimami hapa kumlaumu Msimamizi wa Bajeti, kwa kuwa kazi yake ni kutazama kama fedha zatoka kwa sheria. Ninalosema ni kwamba sisi tuliosoma mapatano ya kazi twajua thamani ya karatasi iliyotiwa sahihi. Kama karatasi ndiyo inayotakiwa, basi iandikwe. Watoto wetu wasipoteze miaka kwa sababu ofisi mbili hazijaandikiana barua.

Kuhusu mikopo, iko Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1995. Mwaka 2013 ulianzishwa mfuko uitwao Afya Elimu wa kuwakopesha wanafunzi wa uuguzi na fani nyingine za afya, ukisimamiwa na bodi hiyo, na Wamarekani kwa njia ya USAID wakiwa miongoni mwa waliousaidia. Uliwafaa wengi. Lakini mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilivunja USAID, na kote Kenya watumishi wa afya waliolipwa kwa fedha hizo wakajikuta nje. Hilo latufundisha kuwa mshahara wa mganga wetu usitegemee uchaguzi wa watu wa ng'ambo. Kisha mkopo ni mkopo. Kijana atakayerudi kisiwani kwa mshahara mdogo akiwa na deni mgongoni atatazama Mombasa, wala hatutakuwa na haki ya kumshangaa.

Wengine watasema: lakini Serikali imekwisha fanya mengi. Ni kweli, na tuwe waadilifu. Mwezi wa Oktoba 2023 zilitiwa sahihi sheria nne za afya, na mojawapo ni Sheria ya Afya ya Msingi. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo walizinduliwa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa, na ikaahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali ya Taifa na nusu kutoka kaunti. Na tangu Oktoba 2024 mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya bima mpya iliyochukua mahali pa NHIF. Pia umo mfuko wa afya ya msingi wa kulipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya. Vizuri. Lakini mfuko huo hulipia matibabu yaliyokwisha kutolewa. Zahanati isiyo na tabibu haitibu, isiyotibu haidai, isiyodai hailipwi. Sisi twakatwa sawa na mtu wa Nairobi, na kinachorudi kwetu ni kidogo kwa kuwa hakuna mtu wa kutuhudumia. Huo ndio mzizi wa dai letu kama wafanyakazi: hatuombi sadaka, twadai tulicholipia.

Na juu ya wahamasishaji, wengi wao ni mama zetu na dada zetu, na baadhi yao wamekaa hapa. Shilingi 5,000 kwa kazi ya kupanda na kushuka mji mzima si mshahara. Tena mafunzo yao ni mafupi, wala hawakuwekewa ngazi ya kupanda. Mama aliyetumikia miaka mitano, ajuaye kila nyumba na kila mjamzito, kwa nini asifunguliwe njia ya kuwa muuguzi kwa gharama ya umma?

Watu wengine wamefanya hivyo. Ethiopia ilianza mwaka 2003 mpango wa kuchagua wasichana kutoka vijijini mwao wenyewe, waliofika darasa la kumi, ikawafundisha kwa mwaka mmoja, ikawarudisha vijijini kwao wawili wawili, na ikawalipa mshahara wa Serikali. Walifika zaidi ya 30,000. Angalieni mambo matatu yaliyokwenda pamoja: mtu wa mahali pale, mafunzo ya bure, na mshahara uliokwisha tengwa. Ukiondoa moja, yale mawili huanguka.

Jirani zetu Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, waliwachukua vijana waliomaliza shule ya msingi wakawafundisha kuwa waganga wasaidizi wa vijijini. Elimu yao haikuwa kubwa, lakini walikuwako. Baadaye, katika mpango wao wa mwaka 2007 hadi 2017, Tanzania ilikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo yakatangulia na watumishi wakabaki nyuma, jambo lile lile la Harambee yetu.

Hata Marekani kwenyewe, nchi ambayo watu hudhani kila mtu hujilipia, Serikali huwalipia karo au madeni wanafunzi wa udaktari na uuguzi wanaokubali kwenda kutumikia mahali palipokosa waganga. Mpango huo ulianza kwa sheria ya mwaka 1970. Na mwaka 2010 waliongeza fedha za kufundishia madaktari katika vituo vya kijamii badala ya hospitali kubwa tu, kwa kuwa waliona daktari aliyefundishwa katika hospitali kubwa hubaki katika hospitali kubwa. Shirika la Afya Ulimwenguni nalo lilitoa mwongozo mwaka 2010 lenye kusema kwanza chukua wanafunzi waliotoka mashambani, maana hao ndio wenye mwelekeo wa kurudi. Sisi wa visiwani twalijua hilo bila mwongozo. Mgeni akiletwa Pate, huanza kuandika barua ya kuomba uhamisho kabla hajafungua sanduku. Simlaumu. Hana ndugu hapa, maji ni ya birika, na habari za hatari huko Boni zimemtisha.

Lipo shirika la Safari Doctors, la Bibi Umra Omar, ambaye mwaka 2016 alikuwa miongoni mwa kumi waliochaguliwa na CNN kuwa mashujaa wa mwaka. Wamesafiri kwa jahazi na mashua mpaka vijiji ambavyo Serikali ilivisahau. Twawashukuru kwa moyo. Lakini jahazi linalopita mara moja kwa mwezi haliwezi kumngojea mwanamke anayejifungua Jumanne usiku.

Sasa nije kwenye pingamizi iliyo kubwa, na ambayo ndugu mmoja aliniuliza barazani: tukiwasomesha kwa fedha za umma, hawatakimbia? Baadhi yao wataondoka. Mwezi wa Julai 2021 Serikali yetu yenyewe ilitia sahihi mapatano na Uingereza ya kupeleka wauguzi wa Kenya huko. Lakini tuulize wanakimbia nini. Mwaka 2020 Serikali iliajiri maelfu ya watumishi wa afya kwa mkataba wa miaka 3, na mwezi wa Mei 2025 watu hao hao walikuwa wakipiga kambi nje ya Wizara ya Afya, Nairobi, wakidai ajira ya kudumu na haki zao. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia 14 Machi hadi 8 Mei, na jambo kubwa lilikuwa madaktari wa mazoezi: mapatano ya 2017 yalisema shilingi 206,400 kwa mwezi, Serikali ikasema 70,000. Mwisho wa mwaka ule ndipo Serikali ilipokubali kufuata mapatano. Matabibu nao, chini ya chama chao cha KUCO, waligoma mwaka huo huo. Basi kijana anayeona hayo yote, ukimwambia atie sahihi kifungo cha miaka, atauliza: na wewe umefungwa na nini?

Kwa hiyo nasema wazi, kama chama cha wafanyakazi hatuwezi kukubali mkataba unaomfunga mfanyakazi peke yake. Mwanafunzi atakayesomeshwa kwa fedha za umma aahidi kutumikia Lamu Mashariki kwa miaka ile ile aliyosomeshwa, haki hiyo ni ya watu. Lakini kaunti nayo iahidi, katika karatasi ile ile, kuwa nafasi yake ipo katika orodha ya watumishi, ana mshahara wa daraja lake tangu mwezi wa kwanza, nyumba, na ruhusa ya kwenda masomoni tena. Kaunti ikivunja ahadi, kijana awe huru wala asidaiwe hata senti.

Je, tunahitaji wangapi? Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 143,920 katika kaunti nzima ya Lamu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000. Piga hesabu, utapata kama 640 kwa kaunti yetu. Sisemi tudai 640 kesho. Tukidai hivyo tutachekwa, na tutastahili. Lakini yafaa kaunti itwambie kwa maandishi ina wangapi leo, wangapi watastaafu katika miaka 5 ijayo, na wangapi wanaotoka visiwani wako vyuoni sasa. Hatuwezi kupatana na mwajiri asiyejua idadi ya watumishi wake.

Chuo cha KMTC kina tawi lake Lamu. Hilo ni jambo kubwa ambalo baba zetu hawakuwa nalo. Kijana wa Mbwajumali aweza kusoma bila kupanda basi la Mombasa. Lakini tawi kuwa Lamu si dhamana ya kuwa wanafunzi ni wa Lamu: nafasi hugawanywa kwa nchi nzima, na mwenye karo ndiye anayebaki. Ndiyo maana twataka fedha, wala si nafasi tu.

Kamati imependekeza madai, nami nayasema kwa ufupi kwa kuwa yameandikwa kwenye karatasi. Kaunti na Wizara waandikiane mapatano yanayotakiwa, ili fedha za karo za wanafunzi wa afya kutoka visiwani na vijiji vya Waboni zitoke kwa njia ya sheria. Wakati mapatano hayo yakingojewa, kaunti ianze na jambo ambalo hakuna mtu awezaye kulipinga: kuwasomesha watumishi wake yenyewe, wale wa cheti wapande diploma, wakiendelea kupata mshahara wao. Na wahamasishaji wafunguliwe njia ya kuingia chuoni, na miaka yao ya kazi ihesabiwe.

Neno la mwisho ni la tarehe, maana madai yakichelewa ni kama nyavu iliyotupwa maji yakisha kutoka. Sheria ya fedha za umma ya 2012 huitaka kaunti ipeleke mpango wake wa mwaka kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio yenyewe kabla ya 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Wengi wetu huenda kwenye baraza la bajeti mwezi wa Mei, hupewa soda, husikilizwa, na kumbe viwango vilikwisha kukatwa Februari. Mwaka huu twende kabla ya Februari.

Karatasi ya madai iko mezani kwa mweka hazina. Wasioweza kuandika wataweka kidole. Watu wa Kizingitini, Tchundwa na Siyu watapelekewa nakala zao kwa chombo cha Jumamosi, na tunahitaji watu wawili wa kufuatana nazo. Bwana Mwenyekiti, naomba wanaojitolea wainue mikono sasa, kabla watu hawajakwenda kusali.